Barua ya wazi kwa waheshimiwa wanaotuongoza Kigoma na Ujiji: viongozi wanahama vyama, mtaa wetu hauhami

Waheshimiwa viongozi,
mliochaguliwa na mlioteuliwa, mnaosimamia maendeleo ya mji wa Kigoma na Ujiji.

YAH: KUPIMIWA HUDUMA KWA KURA TULIZOPIGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni kwa mlionizidi umri, ingawa nadhani mmebaki wachache. Wengine hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, na baadhi yenu nimewafundisha kugawanya kwa njia ndefu. Nimefanya pia kazi ya uchaguzi katika mji huu: mara ya kwanza nikiwa karani mwongozaji, mara tatu zilizofuata nikiwa msimamizi wa kituo. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu kura sikuyaokota kijiweni.

Natangulia kusema kwamba kwa sasa sina chama. Kadi ya CCM ninayo tangu enzi za chama kimoja, kama mwalimu yeyote wa wakati ule. Ipo kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ndoa. Sijairudisha wala sijailipia. Mnaotaka kujua nimetumwa na nani, anzeni na sanduku hilo.

Barua hii sikutaka iwe ya wazi. Nimekwisha kuandika tatu za kimya. Zote nilizipeleka kwa mkono wangu, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya tatu, kijana wa masjala aliniangalia kwa huruma akaniuliza, "Mwalimu, na hii tena?" Hakuna iliyojibiwa kwa maandishi. Jibu nililopata ni la mdomo, koridoni, kutoka kwa mtu mzima mwenye dhamana: "Mwalimu, mtaa wenu tunajua unavyopiga kura. Subirini zamu yenu."

Ofisi hiyo sitaitaja, wala mwenye kauli. Simwandami mtu. Kauli ile nimeisikia kwa midomo mingi, ya watu wa vyama tofauti na katika miaka tofauti, na ndiyo maana nawaandikia ninyi nyote kwa pamoja.

Nilichokuwa naomba ni mtaro. Maji ya mvua kutoka mtaa wa juu yalikuwa yakisambaa yenyewe, kila nyumba ikipata kidogo. Ukaja mradi, ukajengwa mtaro wa zege, mzuri kweli, sina neno juu ya fundi. Mtaro ule umefika kwenye mpaka wa mtaa wetu ukaishia hapo hapo. Sasa maji yote yanakusanywa, yanaongezewa kasi, yanaletwa mpaka mlangoni petu na kuachiwa. Kabla ya mradi tulikuwa tunafagia tope. Siku hizi tunaokoa magodoro. Nimeupima kwa miguu yangu: kutoka zege linapoishia mpaka korongo la asili ni hatua 212. Hatua za mzee, siyo za kijana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Karatasi ya ukutani imegeuzwa hati ya mashtaka

Kura ni siri. Nimewaambia maneno hayo mamia ya watu, wengine wakitetemeka mikono, wengine wakitaka niwaonyeshe "ile picha ya yule". Siri hiyo ni ya mtu mmoja mmoja. Mtaa hauna siri. Kituo kinapofungwa saa 10:00 jioni tunahesabu, tunajaza fomu, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani, mawakala wanasaini, na nakala inabandikwa nje ya kituo. Kituo kimoja kina wapiga kura mia kadhaa tu, na wote ni watu wa nyumba zinazopakana. Ukifika usiku, yeyote mwenye tochi ya simu anasoma: upande huu wa msikiti wamempa fulani, upande ule wa mwembe wamempa mwenzake.

Karatasi hiyo iliwekwa ili asitokee mtu wa kubadilisha namba njiani. Lakini mimi nimekaa kwenye kikao, nikiwa mjumbe wa kamati ya shule, tukijadili madawati na matundu ya vyoo, nikaona orodha ya matokeo ya vituo imetandazwa mezani karibu na orodha ya shule. Mmoja akauliza, "Hawa si ndio wale?" Hakuna aliyemuuliza wale gani. Tukaendelea na ajenda.

Hapo naomba nisije nikageuziwa maneno. Asiinuke mtu kesho kusema dawa ni kuacha kubandika matokeo, au kuchanganya kura za kata nzima ndipo zihesabiwe, eti kwa kuulinda mtaa. Nimelifikiria hilo usiku mwingi na nimelikataa. Karatasi ile ndiyo ushahidi pekee ambao bibi asiye na wakala wala wakili anaweza kuusoma kwa macho yake. Ugonjwa hauko ukutani. Uko mezani kwenu, kwa yule anayeikunja, anaitia kwenye faili na kuifungua tena siku ya kugawa mitaro.

2. Mnatuita ngome bila kuisoma historia ya mji

"Ngome ya upinzani." Neno hilo nimelisikia mpaka likawa kama jina la pili la mtaa. Ngome ya nani? Tuhesabu pamoja, kama ubaoni.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Mwaka 1994 ukafanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Kigoma Mjini, akatangazwa mgombea wa CCM. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani na matokeo yakatenguliwa. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Rufani. Miongoni mwa yaliyobishaniwa ni namna redio ya taifa ilivyozitangaza kampeni, na barabara za mji zilizoanza kutengenezwa kampeni zikiwa zimepamba moto. Lishikeni hilo la barabara. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado tuko palepale, ila jambo limepinduliwa: wakati ule barabara ililetwa ili tupige kura, leo haiji kwa sababu tulipiga.

Mwaka 1995 mji ukampa Kabourou, na 2000 ukamrudisha. Mwaka 2005 ukageuka ukamchukua Peter Serukamba wa CCM, na 2010 ukamrudisha naye. Mnakumbuka 2010 ilivyokuwa mkoani kwetu? NCCR-Mageuzi ilichukua majimbo manne: Kigoma Kusini kwa David Kafulila, Muhambwe kwa Felix Mkosamali, Kasulu Mjini kwa Moses Machali na Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera. Kigoma Kaskazini alikuwapo Zitto Kabwe wa CHADEMA. Mwaka ambao upinzani ulivuna namna hiyo mkoani, mji huu mnaouita ngome yake ulikuwa na mbunge wa CCM. Mwaka 2015 Zitto akaja mjini na ACT-Wazalendo, akapata ubunge na chama chake kikaunda halmashauri. Mwaka 2020 CCM, Kilumbe Ng'enda. Mwaka 2025 CCM tena, Clayton Chipando, ambaye wajukuu zangu wanamjua kwa jina la Baba Levo.

Sisemi chaguzi zote hizo zilikwenda sawa. Kila mmoja ana yake ya kusema kuhusu 2020 na 2025, na mimi ninayo, lakini si ya barua hii. Ninachowauliza ni ngome gani hiyo inayobadilisha bendera mara tatu katika miaka 30.

Mkitaka kujua mji huu unapigaje kura, mngeniuliza mimi niliyekaa nyuma ya sanduku. Watu wa hapa wanachagua mdomo. Wanamtaka mtu atakayesimama Dodoma akaitaja Kigoma mpaka wenzake wakereke. Tumelelewa na neno "mwisho wa reli". Gari moshi lilifika hapa enzi za Mjerumani, kisha kila kitu kingine kikaonekana kuchoka njiani. Miaka mingi umeme wetu ulikuwa wa majenereta, wakati gridi ya taifa wenzetu walishaizoea. Lami ya kwenda Tabora tumeisubiri mpaka wajukuu wakazaliwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa mgombea mpole anayesoma hotuba kwenye karatasi, hata awe wa chama gani, atamsikiliza kwa adabu, atapokea fulana, na kura ataipeleka kwa anayefoka. Nimewaona pia watu, na si wachache, wanaompa mbunge wa chama hiki, diwani wa chama kile, na rais wanayemjua wao. Mnapojumlisha yote hayo na kuyaita "wapinzani" au "wenzetu", hesabu mnayoifanya ningeitia kosa jekundu.

Na sasa jambo linaloniuma hasa. Kabourou huyo huyo baadaye alijiunga na CCM, akawa mwenyekiti wa chama hicho mkoani, na alipofariki mwaka 2018 alizikwa kwa heshima aliyostahili. Kafulila na Machali waliingia CCM. Kafulila akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu. Chipando alikuwa diwani wa ACT kabla ya kuwa mbunge wa CCM. Zitto aliondoka CHADEMA kwenda ACT. Sina ubaya na yeyote kati yao. Kuhama chama ni haki ya mtu. Wanapohama wanapokewa kwa vigelegele, wanavishwa skafu, yaliyopita yanakuwa yamepita. Mtaa uliowapigia kura kule walikotoka ndio unaobaki na doa. Aliyeomba kura amesamehewa. Aliyeipiga bado anadaiwa.

Mtaa utahamaje, waheshimiwa? Turudishe kadi gani, uwanja gani, mbele ya nani?

3. Hata kwa hesabu yenu wenyewe hamko sawa

Mwenyekiti wangu wa mtaa ni wa CCM. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa nchi nzima, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikatangaziwa zaidi ya asilimia 99. Novemba 2024 mitaa na vijiji vilivyokwenda CCM vilikuwa tena zaidi ya asilimia 98. Kama mtaa unapimwa kwa chama cha mwenyekiti wake, nchi hii imebaki na mitaa ya upinzani ya kuhesabu kwa vidole. Mwenyekiti wetu anakwenda ofisini na kadi yake mfukoni, shati la kijani limepigwa pasi, na anarudi mikono mitupu kama sisi. Juzi alikaa barazani kwangu akanywa chai bila kusema neno. Nilimwonea huruma.

4. Balozi wa nyumba kumi si ofisi ya serikali

Balozi ni kiongozi wa chama. Ni mtu mwema mara nyingi, anasuluhisha ugomvi, anajua nani kafiwa. Lakini katika muundo wa serikali za mitaa hayumo. Binti wa jirani yangu alihitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha Taifa. Akaambiwa aanzie kwa balozi. Kwa balozi akaulizwa baba yake alionekana mkutano wa nani. Binti ana miaka 19. Hiyo ndiyo elimu ya uraia aliyoipata siku ile.

5. Mikopo ya asilimia kumi

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Kuna kikundi cha akina mama ninachokifahamu, wanachuuza dagaa na mawese, wanalipa ushuru kila siku ya Mungu. Walipokwenda kuomba upya wakaulizwa kama katibu wao bado "anavaa zambarau", rangi ya ACT. Ushuru wao ulipokatwa kule mwaloni, hakuna aliyeangalia rangi ya kitenge.

6. Uraia

Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu linakera. Kila uchaguzi unapokaribia, watu wa Kigoma wanaanza kuulizwa kama ni wa Burundi au wa Kongo. Mtu aliyepiga kura mara sita anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Tuko mpakani; ndugu zetu wapo ng'ambo ya ziwa, hatukuwachagua. Uhakiki wa uraia una wakati wake na ofisi yake. Ukifanywa kwa kufuata ramani ya nani kampigia nani, hapo si uhakiki tena.

Najua mtakayonijibu, kwa hiyo nijibu kabisa kuokoa karatasi.

Mtasema bajeti haitoshi. Nakubali. Mji una kata 19 na mitaa 68, na sensa ya 2022 imetukuta zaidi ya watu 230,000. Hakuna fedha ya kufika kila mahali kwa mwaka mmoja. Lakini upungufu wa fedha hauna kawaida ya kuishia sawasawa kwenye mpaka wa mtaa. Fedha ikiisha inaishia popote, hata katikati ya uwanja wa mpira.

Mtasema barabara na mitaro si yenu, ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kweli, tangu 2017 barabara za mijini ziko huko, kama kodi ya majengo ilivyochukuliwa na TRA mwaka mmoja kabla. Ilikuwa nchi nzima, siyo Kigoma peke yake, wala sisemi ilifanywa kutukomoa. Lakini kumbukeni ilikuwaje kwetu: halmashauri ya wakati ule ikabaki bila barabara na bila kodi ya majengo, kisha kwenye majukwaa ya 2020 tukaulizwa wapinzani wenu wamewafanyia nini. Na hata sasa, vipaumbele vinapopangwa, mnaoketi na wataalamu na kuwaambia waanzie wapi ni ninyi.

Wengine mtasema ndivyo siasa zilivyo duniani kote, aliyekupa ndiye unayempa kwanza. Hapo nawapeleka kwenye Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13. Imekataza mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote, na katika ibara ndogo ya 5, inapoeleza kubagua ni nini, imeyataja maoni ya kisiasa waziwazi, mstari mmoja na kabila na dini. Hakuna kati yenu anayeweza kusimama kwenye kikao akasema "mtaa ule ni wa kabila fulani, uruke". Angezomewa. "Mtaa ule ni wa chama fulani" mnaisema mkitafuna karanga.

Na ili haki itendeke: ninyi wa ACT mnaosoma barua hii mkitikisa kichwa kwa kuniunga mkono, msitikise sana. Mlipokuwa na halmashauri, kati ya 2015 na 2020, nilimsikia mmoja wenu kwa masikio yangu akisema mtaa fulani ni wa kijani, "waacheni na serikali yao". Nilimwandikia pia. Hakunijibu.

Mwisho mtasema mwalimu angekuja ofisini tukayamaliza. Nimekuja mara tatu. Mihuri ninayo.

Ninachoomba

Kwanza, kauli ya maandishi, yenye saini, kwamba matokeo ya kituo cha kura hayatawekwa mezani wala kutajwa kwenye kikao chochote kinachopanga miradi, mikopo au misaada. Iandikwe, ibandikwe kwenye ofisi zote 68 za mitaa. Najua karatasi haizuii mtu kukumbuka. Itatupa sisi mahali pa kushika siku atakapotamka.

Pili, orodha. Mtaa kwa mtaa, tangu mwaka 2010 mpaka leo: mtaro gani, taa ngapi, barabara ipi, vikundi vingapi vimekopeshwa, kwa fedha kiasi gani. Msiniambie ni kazi kubwa. Mwaka 2016 manispaa hii ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani za kuanzia katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Dunia nzima, 15, na mwisho wa reli tukawamo! Kisha nchi ikajitoa kwenye mpango mwaka 2017 na sisi tukaondoka nayo. Kujitoa kwenye mpango hakukufuta hesabu zilizokuwa zikiwekwa, na ubao wa matangazo bado upo. Mkinipa karatasi, orodha nitaichapa mimi. Bado nina mashine ya taipu na vidole vinne vinavyofanya kazi. Naitaka hasa orodha ya Mradi wa Miji ya Kimkakati, maana fedha zake zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo huo tunaulipa sote, aliyepewa lami na aliyepewa vumbi. Orodha ikionyesha kwamba nimekosea, kwamba mitaa imegawiwa kwa haki na mimi ni mzee mwenye tope mlangoni tu, nitaandika barua nyingine ya wazi ya kuomba radhi, ndefu kama hii.

Tatu, ofisi za mitaa ziambiwe zitoe barua za utambulisho bila kumpeleka mtu kwa balozi. Hili halihitaji fedha wala kikao cha pili.

Nne, hatua zangu 212. Mtaalamu aje apime kwa kamba, anipe jibu la maandishi: lini, au kwa nini hapana. "Hapana" iliyoandikwa nitaipokea. Ya koridoni siitaki tena.

Tano, mkutano wa hadhara, mmoja Ujiji na mmoja Mwanga, kabla masika hayajaanza, mwenye dhamana akae mbele na watu waulize. Bila sare ya chama chochote upande wa meza. Sisi tutakaokaa chini mtuachie tuvae tunachotaka.

Nawapa siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Sina cha kuwatishia nacho. Baada ya siku hizo nitafanya ninachokiweza, yaani kwenda kila mtaa unaoitwa jina kwa sababu ya kura zake, na kuhesabu kwa miguu zege linapoishia. Nimekwisha kuanza na mitaa miwili, nikiwa na daftari la mistari na mjukuu wa kunishikia mwavuli.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.

Nakala:
Ofisi za vyama vyote vya siasa vilivyopo mjini, kwa mkono.
Mwenyekiti wangu wa mtaa, pamoja na chai.
Ubao wa matangazo wa shule ambako kituo changu cha kura kilikuwa, kwenye misumari ileile ya fomu ya matokeo.

Viambatanisho: nakala za barua tatu za awali, zote zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ya pili ina doa la maji. Iliokolewa pamoja na godoro.